Kesi ya kamari haramu: pesa mezani bado siyo hatia

Nyie mnaoanza kuendesha mashtaka ngoja niwaambie mapema, kesi ya kamari ukikabidhiwa faili inaonekana nyepesi kuliko zote na ndo maana inaanguka sana. Unakuta kuna karata, kuna pesa, watuhumiwa wamekamatwa pamoja, askari wameona kwa macho yao, unasema hii namaliza asubuhi moja. Subiri kwanza.

Sheria za nchi zinatofautiana maneno ila sehemu nyingi utakuta mambo matatu: mtu ameweka dau, matokeo yanategemea bahati, na kuna cha kushinda. Kila kimoja unakithibitisha kivyake. Karata tupu hazithibitishi chochote, watu wanacheza karata kupoteza muda, na pesa nayo ikikaa peke yake ni pesa tu.

Sasa huyu shahidi wako askari, hapa ndo pa kutumia muda. Maelezo mengi yanaandikwa "niliwakuta wakicheza kamari" basi imeisha. Hilo ni hitimisho lake, siyo alichokiona! Wakili wa utetezi akisimama kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, anaanza kwa upole kabisa: afande ulisimama wapi? Huo mchezo unachezwaje? Nani alitoa pesa akampa nani? Na huyu mshtakiwa wa tatu alikuwa amekaa au amesimama anaangalia? Afande akijibu "wote walikuwa wanacheza" ujue mshtakiwa wa tatu anaenda nyumbani, na pengine wenzake pia. Maana mlango ukipigwa teke kila mtu anaachia alichoshika, kwa hiyo waliovamia mara nyingi hawajaona mchezo wowote, wameona watu wanakimbia. Shahidi wa kweli ni yule aliyechungulia kabla, au aliyetumwa ndani akacheza kwa noti ambazo namba zake ziliandikwa mapema. Mtafute huyo, kaa nae, akueleze mchezo hatua kwa hatua mpaka wewe mwenyewe uuelewe.

Halafu hati ya kukamata mali, yaani ile orodha ya vitu vilivyochukuliwa pale. "Fedha taslimu" zimejumlishwa zote kwenye bahasha moja, za mezani na za mifukoni. Hapo dau limeshapotea, hakuna wa kukwambia ipi ilikuwa ya mchezo na ipi nauli ya mtu.

Kuhusu kiwango chenyewe cha kuthibitisha, mnajua toka kesi ya Woolmington ya mwaka 1935 kule Uingereza kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa kwetu waendesha mashtaka, mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha hana hatia. Ila msiogope kupita kiasi, jaji Denning wa huko huko Uingereza kwenye kesi ya Miller mwaka 1947 alishaweka wazi kwamba hatudaiwi kuondoa hata kivuli cha shaka, vijishaka vya kubuni haviangushi kesi. Shaka la maana ni kama lile la mtu aliyekuwa amesimama anaangalia tu.

Baadhi ya sheria zina dhana kwamba ukikutwa kwenye nyumba ya kamari yenye vifaa vya kamari basi ulikuwa unacheza. Nzuri, lakini lazima kwanza uthibitishe kwamba ile ni nyumba ya kamari, na bado mshtakiwa anaweza kuipinga. Leseni hivyo hivyo, nchi nyingi zinamtaka mshtakiwa ndo aionyeshe, ila mimi bado namuita ofisa wa mamlaka inayotoa leseni, hachukui hata nusu saa kizimbani kwa nini nibahatishe?

Kwa mwenye nyumba ushahidi ni mwingine kabisa: nani ana funguo, nani analipa pango, nani anakata asilimia yake kila raundi. Huyo usimshtaki kwa kucheza, soma hati ya mashtaka vizuri. Na wale ambao hakuna shahidi hata mmoja anaewagusa kwa jina au kwa kitendo, waondoe kabla mashtaka hayajasomwa, ubaki na wale unaowaweza.