Dola za Benki Kuu, Gesi ya Lindi na Mfuko wa Dharura: Tunawajibu Wasomaji

Ndugu wahariri, kila mara tunaambiwa Benki Kuu ina akiba ya mabilioni ya dola. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja na dawa zinaisha katikati ya mwezi. Kwa nini Serikali isichote humo? – Msomaji, Mtwara

Ndugu msomaji, dola zile si kodi iliyofungiwa kabatini. Sehemu yake Benki Kuu ilizinunua kwa shilingi, na shilingi hizo tayari zinazunguka mikononi mwa watu. Sehemu nyingine ni mikopo na misaada ya nje, ambayo Serikali ilikwisha kupewa thamani yake kwa shilingi na kuitumia. Muuguzi hulipwa shilingi. Benki Kuu ikitoa shilingi kwa mara ya pili kwa dola zilezile, ni sawa na kuchapa noti.

Kazi ya akiba hiyo ni kulipia mafuta, mbolea, dawa na deni la nje pale mauzo yetu ya nje yanapoyumba. Tanzania hulenga isipungue kiasi cha kulipia bidhaa na huduma za kutoka nje kwa miezi 4, na lengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni miezi 4.5. Ikikauka, waagizaji hupanga foleni kutafuta dola, shilingi hushuka, na dawa hupanda bei kabla hazijafika Mtwara.

Tatizo lako limo kwenye bajeti. Jengo hujengwa kwa fedha za maendeleo, mara nyingi za mkopo au mfadhili. Muuguzi, dawa, umeme na mafuta ya gari la wagonjwa ni matumizi ya kawaida, na hapo ndipo panapokatwa kwanza makusanyo yakipungua. Muulize diwani wako mambo matatu: ikama ya zahanati (idadi ya watumishi inayotakiwa kuwa nayo) ni watumishi wangapi na waliopo ni wangapi, kiasi gani kilitengwa kwa dawa, na kiasi gani kati ya hicho kimeshafika. Pengo la kwanza ni la kibali cha ajira, la mwisho ni la fedha kuchelewa kutolewa, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

Mapato ya gesi ya bahari kuu yakianza kuingia, tuweke akiba kama Norway au tujenge shule na hospitali? – Msomaji, Lindi

Norway husifiwa sana, lakini ilipoingiza fedha za kwanza kwenye mfuko wake wa akiba ya mafuta mwaka 1996 tayari ilikuwa na shule, hospitali na barabara za kutosha. Tangu 2001 ilijiwekea kutumia wastani wa asilimia 4 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, na mwaka 2017 ikashusha hadi 3. Nchi ambayo bado watoto wake wanakaa chini darasani haiwezi kunakili hesabu hiyo.

Somo letu liko Ghana. Mafuta yalianza kutoka Desemba 2010, na sheria ya 2011 ikaunda mifuko miwili, wa kutuliza bajeti na wa vizazi vijavyo. Sheria nzuri. Lakini huku ikiweka, Serikali ilikuwa inakopa kwa riba kubwa: hati fungani (mkopo kutoka kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1 ya mwaka 2015 ilikuwa ya riba ya asilimia 10.75. Piga hesabu ya mfano. Ukiweka dola milioni 100 zikuletee asilimia 2, unapata milioni 2. Ukikopa milioni 100 nyingine kwa asilimia 10, unalipa milioni 10. Umepoteza milioni 8 kwa mwaka, na bado unajiita mwenye akiba. Desemba 2022 Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje.

Chile ilijipanga vizuri zaidi. Iliweka fedha za shaba bei ilipokuwa juu, na mwaka 2009, dunia ilipoyumba, ikachota zaidi ya dola bilioni 9 bila kupunguza huduma.

Kwa hiyo tungefuata mpangilio huu: kwanza akiba ndogo ya kuhimili bei ikianguka, kisha kulipa deni la riba kubwa, kisha huduma, kwa kasi ambayo walimu na wauguzi wanaweza kuajiriwa na kulipwa kila mwaka. Mfuko wa vizazi uje mwisho. Sheria yetu ya mapato ya mafuta na gesi ya 2015 inakaribia hapo: bajeti hupokea mapato hadi asilimia 3 ya pato la taifa, ziada huenda akiba, na angalau asilimia 60 ya kinachoingia bajeti ni ya maendeleo. Haizuii kukopa kwa riba kubwa huku tukiweka akiba, na hilo ndilo linalotutia hofu.

Kaunti yetu ina mfuko wa dharura ilhali walimu wa chekechea hawajalipwa. Je, mfuko huo hauwezi kuwalipa? – Msomaji, Kilifi

Hauwezi. Sheria ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inauwekea kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti, na ni wa mahitaji ya haraka yasiyotarajiwa. Mshahara unajulikana tangu Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Angalia badala yake kama mfuko unatumika kwa mambo ya kila mwaka: bunge la kaunti linapaswa kuombwa idhini ndani ya miezi 2 baada ya malipo, na maombi hayo ndiyo ya kuyadai na kuyasoma.