Kufundisha Kiingereza cha michezo: anza na vitenzi

Kwa miaka kadhaa sasa ninafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Kirumba, jijini Mwanza, mahali ambapo siku ya mechi kelele za uwanjani hutufikia dirishani. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, waendesha bodaboda, mafundi simu, na vijana wachache waliomaliza kidato cha nne ambao wanatafuta kazi za hoteli. Mada ya michezo na mashindano niliidhania kuwa nyepesi kuliko zote, kwa kuwa kila mtu darasani ana timu yake na ana la kusema juu yake. Mwaka wa kwanza niliiharibu vibaya.

Nilichukua kitabu kilichochapishwa Uingereza, nikanakili ubaoni maneno kama arobaini, yakiwemo ya kriketi, gofu na kuteleza kwenye theluji, kisha nikawaambia wayakariri. Wiki iliyofuata walikuwa wameyasahau karibu yote, na yale machache waliyoyakumbuka hayakuhitaji mwalimu. Yeyote anayesikiliza redio Mwanza tayari anayo goli, kona, penalti, refa, kocha, ligi na mechi. Hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuvaa kanzu. Kilichobaki kwa mwalimu hapo ni mkazo tu, kwa sababu sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Waingereza hukaza silabi ya kwanza ya “penalty” na ya mwisho kabisa ya “referee”. Dakika kumi zinatosha.

Kinachowashinda ni vitenzi. Siku moja nilimwuliza mama mmoja wa dagaa Jumapili alikuwa wapi, naye akanijibu bila kusita, “I won at home.” Nikabaki nikijiuliza ni mashindano gani hayo yaliyofanyika nyumbani kwake, hadi nilipong'amua kwamba alishinda nyumbani siku nzima. Darasa lilicheka, naye akacheka, lakini kosa lile lilinifunza mimi zaidi kuliko yeye. Kwetu, kushinda ni mzigo mkubwa unaobebwa na neno moja: timu inashinda mechi, inamshinda mpinzani, mtu anashinda nyumbani, na kazi nayo inaweza kumshinda mtu. Mwanafunzi akifundishwa kwamba kushinda ni “win”, atalipeleka neno hilo kila mahali.

Siku hizi mgawanyo huo naufundisha kwa Alphonce Simbu. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha ya kwenye mstari ndiyo iamue, tofauti yao ikiwa sekunde 0.03. Nawaandikia ubaoni sentensi mbili: “Simbu won the marathon” na “Simbu beat Petros.” Baada ya “win” huja kile kinachogombewa, yaani mechi, mbio, kombe au medali, na baada ya “beat” huja aliyeshindwa. Anayeandika “Simbu won Petros” namwuliza kama Petros alikuwa zawadi ya bahati nasibu, na kwa kawaida halirudii tena kosa hilo. Hapohapo nawaonyesha kwamba kushika nafasi ya pili kwa Kiingereza hakushikwi kitu chochote: Petros “came second”. Suleiman Nyambui naye, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, “came second” na pia “won silver”, jambo linalowashangaza wanaoamini kwamba wa pili hawezi kuwa ameshinda chochote.

Kitenzi cha pili ni kucheza, na hapa ushauri wangu ni kuondoka kwenye mpira kabisa. Tunacheza mpira, tunacheza bao, tunacheza karate na tunacheza ngoma, lakini Mwingereza hutumia “play” kwa mpira na bao, “do” kwa karate, na “dance” kwa ngoma. Wanafunzi wa Kisukuma wanapoeleza mashindano ya ngoma ya Bujora, kule Kisesa, ambako makundi mawili ya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, huandika “Bagika and Bagalu play drums”, na msomaji mgeni atafikiri ni kundi la wapiga ngoma wamekaa wakipiga. Nimeifanya Bujora kuwa somo zima, kwa sababu ndani yake kuna wapinzani wa jadi, mashabiki, mbwembwe za kuvuta watu, na mshindi anayejulikana kwa ukubwa wa umati uliomzunguka. Maneno kama “rivals”, “supporters” na “crowd” huingia yenyewe, tena kwa watu wenye hamu ya kweli ya kueleza kwa nini upande wao ndio bora.

Matokeo ya mechi yana mitego yake midogo. Kutoka sare nimewahi kukuta kumeandikwa “they went out uniform”, na mbili bila ikawa “two without”. Vivyo hivyo neno uwanja, ambalo kwetu linatosha kwa kila mchezo, huhitaji “pitch” kwa mpira wa miguu, “court” kwa netiboli na “track” kwa mbio. Hayo nayapitia haraka, kila neno na mchezo wake.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili hakihitaji msaada. Nilikuwa nikifundisha mbio za mitumbwi, nikasema “row” kwa kila kitu, ndipo mvuvi mmoja akaniuliza kama hilo ni la kafi au la kasia. Alikuwa sahihi: anayepiga kafi hutazama mbele na kitendo chake ni “paddle”, na anayevuta kasia hugeuzia mgongo anakokwenda, naye ndiye “rows”. Nilifuta ubao.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote ni kuwasha runinga ya mechi, kuzima sauti, na kumpa kila mwanafunzi dakika tatu za kutangaza. Watangazaji wetu husema “anapiga, anaokoa”, kwa hiyo wanafunzi hukimbilia “he is shooting”, wakati mtangazaji wa Kiingereza husema “he shoots, he saves” na mpira ukaenda zake. Kesho yake wanaandika mechi ileile kama habari, na vitenzi vyote vinageuka kuwa vya wakati uliopita. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya zamu ya kijana wa bodaboda. Hakunyamaza, aliendelea gizani kwa “passes”, “shoots” na “scores”, na umeme uliporudi Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, ilikuwa imeongeza magoli mawili ambayo refa hakuyajua.