Maswali Yenu: Shoo za Majira ya Joto, Nyumbani na Ng'ambo

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanamuziki na zinaongelea kitu kimoja, ile miezi ya Juni mpaka Septemba, majira ya joto ya kaskazini, ambapo matamasha yanafuatana wikiendi kwa wikiendi na kila bendi inataka kupanda ndege, huku nyumbani nako watu wanawasubiri. Nimetembea na gita mgongoni miaka mingi, kwa hiyo haya naandika kwa uchungu. Nyingine nitajibu kwa kirefu, nyingine kwa kifupi tu.

Shikamoo kaka. Mi napiga besi kwenye bendi ya watu sita. Meneja kaleta ratiba ya shoo 24 ndani ya wiki saba, 17 ni za nje na zingine za nyumbani, tena zimechanganywa: tunaenda wiki mbili, tunarudi kupiga Jumamosi moja nyumbani, afu tunaondoka tena. Wenzangu wanashangilia, mimi naogopa. Naogopa bure?

Marahaba mdogo wangu, huogopi bure hata kidogo. Idadi ya shoo sio inayonitisha, watu wanapiga zaidi ya hizo. Kinachonitisha ni hiyo Jumamosi moja ya katikati. Chukua kalenda, andika shoo kwa wino mweusi, halafu siku za kusafiri kwa wino mwekundu, hesabu zimebaki siku ngapi zisizo na wino wowote, ambazo hamko uwanja wa ndege wala ndani ya gari. Siku iliyoandikwa "mapumziko" kwenye ratiba mara nyingi ni saa tisa za barabarani na kulala saa nane usiku, na mwili hauwezi kudanganywa na karatasi.

Kingine, na hiki meneja wengi wanakisahau, viza. Kama mmepewa viza ya kuingia mara moja, siku mkitoka kuja kupiga nyumbani imeishia hapo, hata kama bado ina siku 40 za kutumika. Ombeni ya kuingia mara nyingi, na muombe mapema, maana hiyo Jumamosi ya nyumbani ndo itakayowakwamisha. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ina nchi 29 na hesabu yake ni siku 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, lakini viza yenu yenyewe inaweza kuwa na siku pungufu ya hizo, kwa hiyo someni stika iliyobandikwa kwenye pasi. Halafu kuruhusiwa kuingia sio kuruhusiwa kupiga kwa malipo, hilo kila nchi ina sheria yake, na Uingereza na Ireland hazimo Schengen kwa hiyo hizo ni safari ya maombi mengine kabisa.

Halafu soma mkataba wa lile tamasha kubwa kuliko yote kwenye ratiba yenu. Wengi wanaweka kipengele kinachokuzuia kupiga karibu na pale, kilomita kadhaa na wiki kadhaa kabla na baada, na ukikutwa umepiga kwenye baa mji wa jirani wanaweza kukukata malipo au kukufuta kabisa. Nimeona bendi ikifutwa kwa sababu ya shoo ya watu themanini tu, na iliniuma kana kwamba ni yangu.

Ningekuwa wewe ningemwambia meneja hivi, kwa heshima kabisa: shoo za nyumbani zote ziende mwanzo na mwisho, katikati tukae huko huko. Mwanzo mnapiga nyumbani ili bendi ikae sawa mbele ya watu wanaowajua, mwisho mnarudi na nyimbo zimeshaiva. Shoo mbili tatu zitapotea kwenye hesabu, ziacheni zipotee.

Mimi ni mwimbaji wa kike, kila mwaka ikifika wiki ya pili ya ziara sauti inakwaruza na ya tatu naimba nusu. Nakunywa asali na tangawizi kila siku. Nifanyeje?

Dada yangu, asali inatuliza koo ila haifiki kwenye nyuzi za sauti, kwa sababu unachomeza kinapita njia nyingine. Kinachozilainisha ni maji unayokunywa siku nzima mpaka mwili wote uyapate, sio yale ya dakika tano kabla ya kupanda, na mvuke unaouvuta. Ndani ya ndege hewa ni kavu sana, unyevu mara nyingi hauzidi asilimia 20, kwa hiyo siku ya ndege kunywa maji mara mbili ya kawaida yako na usiongee.

Na hapo kwenye kuongea ndo pana shida yenyewe nadhani. Waimbaji wengi hawaharibikiwi stejini, wanaharibikiwa baada ya shoo, wamesimama karibu na spika wanapiga stori na mashabiki kwa kupaza sauti, afu wanaingia kwenye gari wanabishana kwa kupaza sauti kushinda kelele za injini mpaka asubuhi. Niliwahi kusafiri na mwimbaji mmoja aliyekuwa anatembea na kidaftari kidogo na penseli iliyofungwa kwa uzi, akishuka stejini anaandika tu, "asante sana", "nimefurahi", anawaonyesha watu huku anacheka, na watu walimpenda zaidi. Kunong'ona usifanye, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha.

Mwambie pia fundi wa sauti akuongezee sauti yako kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe stejini, usipojisikia utapiga kelele bila kujua. Na hili nalisema kwa msisitizo: sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha hapo hapo, usimalizie shoo, muone daktari wa koo. Na ukikwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona, vilevile.

Gita langu la mbao nilibebe vipi kwenye ndege? Na kuna mtu kaniambia forodha wanaweza kulichukua, kweli?

Keisi ngumu, legeza nyuzi kidogo, na jaza nguo laini chini na pembeni ya kichwa cha gita, kile kichwa kisicheze hata ukilitikisa. La kwangu lilivunjika hapo hapo, shingo inapokutana na kichwa. Nilifungua keisi pembeni ya mkanda wa mizigo nikakuta nyuzi zimeshikilia vipande viwili kama ngozi iliyobaki kwenye kidonda, na keisi yenyewe nje haikuwa na hata mkwaruzo. Piga picha kabla hujakabidhi, na kama kuna tatizo ripoti kabla hujatoka uwanjani.

Forodha ni kweli wanauliza. Kwa vyombo vingi kuna hati inaitwa kaneti ya ATA, inadumu mwaka mmoja, unaingiza na kutoa vyombo bila kulipia ushuru kwenye nchi zilizo kwenye mfumo huo, ila orodha iwe na kila kitu mpaka namba za utambulisho zilizogongwa kwenye chombo. Kuhusu mbao, rozuwudi ya Brazil imewekewa vizuizi vikali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, kuvuka nayo unahitaji cheti. Jamii nyingine za mti huo, pamoja na mpingo wetu unaotengenezewa klarineti, ziliingizwa kwenye udhibiti 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 chombo kilichokamilika hakihitaji tena kibali. Jua gita lako ni la mti gani kabla hujaulizwa.

Promota wa nje katutumia pesa pungufu ya mkataba anasema ni kodi. Katuibia?

Inawezekana hajawaibia. Nchi unayopigia ina haki ya kukata kodi kwenye malipo ya msanii mgeni: Marekani kwa kawaida ni asilimia 30, Uingereza 20 kwa kinachozidi kiwango kisichotozwa, Ujerumani 15 na nyongeza kidogo juu yake. Mdai cheti cha makato, akikataa kutoa hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi. Cheti hicho unaweza kukipeleka kwa watu wa kodi wa nyumbani wasikutoze mara ya pili kwa pesa ile ile, ikitegemea mkataba wa nchi mbili hizo. Safari nyingine andikeni kwenye mkataba kama malipo ni kabla au baada ya kodi, neno moja tu. Na orodha ya nyimbo mlizopiga muijaze kila usiku, maana vyama vya haki za watunzi kama GEMA ya Ujerumani na SACEM ya Ufaransa hukusanya mirabaha ya shoo, ila bila orodha yenu pesa haijui iende wapi.

Kaka, nyumbani wanatulalamikia kuwa huko nje tunawaka, tukirudi tunapiga kama tumelazimishwa. Wana haki?

Wana haki, na inabidi muwasikilize. Huko tamashani mlikuwa mnapiga dakika 45 za nyimbo zile zile kali, mmezizoea mpaka vidole vinaenda vyenyewe. Nyumbani watu wamekaa saa mbili, wanajua mpaka wimbo wa upande wa pili wa kanda yenu ya kwanza, na wanausubiri. Rudini siku nne kabla, mbili za kulala, mbili za mazoezi, na kwenye mazoezi hayo msiguse zile nyimbo za tamasha. Anzeni na ule wimbo ambao mpiga ngoma wenu ameshasahau unaingiaje.