Kuhama jimbo Marekani ukiwa mthamini wa nyumba: leseni yako haianzi upya

Leseni ya uthamini wa nyumba na ardhi hapa Marekani hutolewa na jimbo. Mthamini wa Cincinnati akivuka daraja la mto Ohio na kuingia Kentucky, sahihi yake kwenye ripoti ya mkopo wa benki haina nguvu mpaka Kentucky imkubali. Kwa sababu hiyo, wengi wetu tukifikiria kuhama tunaingiwa na hofu. Nilipoaga Houston kuja Minnesota niliambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba nitarudi darasani, nifanye mtihani tena na kutafuta msimamizi kama mwanafunzi. Si kweli, na nimeona watu wakiacha kazi nzuri kwa kuamini maneno hayo.

Vyama vya akiba na mikopo vya Marekani viliporomoka miaka ya 1980, na mwaka 1989 Bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo FIRREA. Hiyo ndiyo iliyoweka mfumo wa leseni za majimbo, chini ya uangalizi wa kamati ya serikali kuu inayoitwa ASC. Mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank ikaongeza kifungu kinachokuhusu wewe unayehama: kila jimbo sharti liwe na utaratibu wa kumpa leseni mthamini anayetoka jimbo jingine, ilimradi jimbo atokalo linafuata sheria hiyo kwa tathmini ya ASC, leseni yake ni hai, na masharti ya jimbo lile si pungufu ya masharti ya jimbo jipya. Zingatia kwamba kinacholinganishwa ni masharti ya jimbo na jimbo. Hakuna anayekaa kuhesabu upya zile saa zako 1,500 za uzoefu za ngazi ya makazi, au 3,000 kama wewe ni wa ngazi ya juu kabisa, na mtihani wa taifa hurudii.

Wapo wasiofunikwa na kifungu hiki. Mwanafunzi aliye chini ya msimamizi asitegemee kulindwa nacho. Wala hakimsaidii mthamini aliyesajiliwa Tanzania au Kenya. Naulizwa hili mara kwa mara na vijana waliosoma Chuo Kikuu Ardhi, na jibu langu linawaumiza: usajili wa nyumbani hauhamishiki, lakini shahada inaweza kukufaa. Ipeleke kwa taasisi inayotathmini vyeti vya nje, kisha uanze ngazi ya mwanafunzi. Kama hupati msimamizi (na wageni wengi hukwama hapo), uliza jimbo lako kama linakubali PAREA, mafunzo ya vitendo kwa njia ya kompyuta yanayoweza kuchukua nafasi ya saa za uzoefu za ngazi ya makazi.

Kwa mwenye leseni, kazi ya kwanza ni kufungua daftari la taifa la wathamini kwenye tovuti ya ASC na kujitafuta. Jina lako liwe sawa na lililo kwenye vitambulisho, hali ya leseni isomeke kuwa hai, tarehe ya mwisho iwe mbali. Ofisi ya jimbo jipya itaangalia hapohapo. Hakikisha pia saa zako za kujiendeleza zimetimia, yaani saa 14 kwa mwaka, zikiwemo 7 za USPAP, yaani viwango vya taifa vya kazi ya uthamini, kila baada ya miaka miwili. Vigezo vya taifa vimeongeza pia somo la upendeleo katika uthamini na haki ya makazi kuanzia Januari 1, 2026, kwa hiyo usije ukashikwa na hilo wakati umeshafunga mizigo.

Alama za vidole mara nyingi utatoa upya. Ulizotoa jimbo la zamani zilitumwa kwa ajili ya ofisi ile, na mara nyingi hii mpya haiwezi kuzitumia. Shughulikia hili mapema kuliko jambo lolote. Ukiulizwa kama uliwahi kuadhibiwa, hata onyo dogo la miaka mingi nyuma, liandike na uambatishe karatasi zake. Kosa dogo lililotajwa husameheka kirahisi kuliko lililofichwa. Ukiomba kabla hujahamia, majimbo mengi yatakutaka usaini hati ya kukubali kushtakiwa kwenye mahakama zao. Isome, usaini, si mtego. Ada hutofautiana, lakini kila jimbo litakalokupa leseni litakudai pia dola 40 kwa mwaka za daftari la taifa.

Na tafadhali, usiiache leseni ya zamani ife kabla mpya haijatoka. Haki yote ya kupokelewa inasimama juu ya ile ya zamani.

Kama una kazi moja tu upande wa pili, huhitaji haya yote. Omba kibali cha muda. Kwa mwongozo wa ASC, jimbo halitakiwi kutoza zaidi ya dola 250 wala kuzidisha siku 5 za kazi baada ya kupokea maombi yaliyokamilika, na kibali kinapaswa kudumu angalau miezi 6. Usianze kazi kabla hujakishika mkononi, hata mteja akikuhimiza vipi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna fomu inayokuuliza. Leseni inaweza kuvuka mpaka na ujuzi wako wa soko ukabaki ulikotoka. Texas bei ya mauzo ya nyumba haitangazwi kwa umma, hivyo tulizoea kutegemea MLS, orodha ya pamoja ya madalali, na kuwapigia simu. Minnesota mnunuzi hujaza cheti cha bei kinachopelekwa serikalini, na ukijua kukisoma una hazina. Houston nyumba nyingi zimekaa juu ya zege bapa. Huku nyumba nyingi zina besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, nyingine zimekamilishwa zikawa na vyumba na bafu. Kwa kiwango cha ANSI cha kupima eneo la nyumba, kinachodaiwa tangu Aprili 2022 na Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, eneo lililo chini ya usawa wa ardhi halijumlishwi na lile la juu, hata likiwa na mlango wa kutokea uwanjani. Basi thamani yake ni ngapi? Hilo hulipati kitabuni. Unalipata kwa kulinganisha mauzo ya mtaa huohuo, nyumba kwa nyumba. Ongeza visima, mashimo ya majitaka, nyumba za kando ya ziwa ambazo hatua chache za ufukwe hubadilisha bei.

USPAP inakutaka uwe na umahiri wa eneo kabla ya kukubali kazi, au umweleze mteja kwamba huna kisha uutafute. Mimi nilikataa kazi za ziwani kwa muda mrefu, nikaomba kufuatana na mthamini mwenyeji hata bila malipo. Nakushauri hivyohivyo. Familia inayonunua nyumba yake ya kwanza, na siku hizi wamo pia Wakenya na Wakongo wenzetu, inabeba miaka 30 ya mkopo juu ya tarakimu utakayoiandika.

Leseni mpya ikitoka, ipigie kampuni yako ya bima ya makosa ya kitaaluma ujue kama jimbo jipya limo kwenye mkataba. Wajulishe wakopeshaji na kampuni zinazogawa kazi. FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, haitakuongezea jimbo kwa sababu tu umehama, kwa hiyo peleka wewe mwenyewe leseni mpya kwenye orodha yao ya wathamini. Ile ya zamani ibakize kama bado una wateja wa kukurudisha huko, vinginevyo omba kuifunga kwa maandishi, ili daftari lionyeshe kwamba uliiacha kwa hiari.