Watoto wakitoka chuoni: jibu kwa dada anayeuliza kulea kuna raha gani

Dada mleta mada, pole na majukumu. Umeuliza kama sisi wenye watoto tunadanganyana tunaposema kulea kuna raha, maana wako wawili tu, wa miaka 7 na 4, wakikuona unaingia kutoka kazini ni vilio, kugombea simu, na wewe kufoka mpaka wanalala. Waliotangulia kukujibu, wengine wamekupa dua na wengine wamekupa fimbo. Mie nina watatu, nipo hapa Makorora, Tanga, nashona barazani kwangu. Baba yao dereva wa lori, kwa hiyo jioni nyingi nipo nao peke yangu.

Anza na njaa. Watoto wa huku asubuhi shule, alasiri chuoni kusoma Kurani, wanarudi magharibi inaingia na matumbo matupu. Mtoto mwenye njaa hasemi nina njaa, anampiga mdogo wake. Wangu wakiingia tu wanakuta muhogo wa kuchemsha au kilichobaki mchana, wanakula kabla sijauliza daftari wala kiatu kilichopasuka. Chakula cha usiku kitakuja kwa wakati wake. Nashangaa hakuna aliyekutajia hili, maana vurugu nyingi unazozieleza zina harufu ya njaa.

Simu sina maneno mengi. Ikifika magharibi inakaa juu ya kabati, na yangu pia, mpaka baba yao apige. Ukiwanyima wao huku wewe unachati watakushinda kwa hoja, na watakuwa na haki.

Tunapotofautiana ni pale unaposema huna muda wa kukaa nao. Unataka ukae kitako, umtazame usoni, umuulize leo shuleni mmefanya nini. Atakujibu "hamna kitu". Wangu nao hujibu hivyohivyo. Mtoto huongea mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwingine.

Kwangu kazi hiyo ni nazi. Binti yangu wa kati, ana miaka 9, ndiye mkunaji wa nyumba. Anakalia mbuzi ya kukunia, sinia chini, anashika kifuu kwa mikono miwili. Nimemfundisha aanzie ukingoni azungushe taratibu akielekea ndani, na aache pale weupe unapoanza kuchanganyika na kahawia, maana akikomba mpaka kwenye kifuu tui linachafuka. Zamani alikuwa anatoa mapande mapande, siku hizi inashuka laini kabisa. Mdogo wake wa miaka 5 kazi yake kumimina maji ya vuguvugu na kushika chujio, na anajua tui zito linawekwa kando, halina haraka, linaingia sufuriani mwishoni. Mie nipo pembeni napaa samaki magamba.

Siku moja tupo hivyo, binti hajainua kichwa wala hajaacha kukuna, akasema: "Mama, mtu akikuita mwizi na wewe hujaiba, unafanyaje?" Nami sikuinua kichwa. Nikamuuliza tu, kakuita nani? Ikatoka yote. Darasani kalamu za mwenzao zilipotea, begi lake likamwagwa mbele ya wote, hazikukutwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Alikuwa nalo moyoni tangu wiki iliyopita, na kila jioni nilikuwa namuuliza habari za shule. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu tukaongea kistaarabu, yakaisha. Ningemkalisha kwenye kochi nikamhoji kama polisi, hilo lingebaki tumboni mwake.

Mama mkwe wako anayewadekeza, hapo sikuungi mkono sana. Bibi na mjukuu wana utani wao. Mkwe wangu anamwita huyu wa mwisho "mume wangu" na kamwekea visheti kwenye kopo chini ya kitanda, nikimgombeza tu anakimbilia huko. Acha ale. Nilichoomba ni kimoja: nikikataza jambo, lisiruhusiwe mbele ya mtoto. Na ombi hilo nilimpitishia baba watoto, maana mkaza mwana kwenda kumkosoa mkwe wake uso kwa uso, huku kwetu haijakaa vizuri. Mkwe kalikubali kwa masharti yake, visheti havijadiliwi.

Kuhusu gharama umesema kweli. Ada shule za serikali imeondolewa tangu 2016, lakini sare, daftari na tuisheni havijaondolewa. Nakupa siri ya fundi: ukishonesha sketi au suruali ya shule, mwambie fundi aache upindo mrefu. Kila Januari nakunjua pindo za wenye akili, na wengine nawapima upya kuanzia mwanzo.

Homa ya usiku ndiyo inayonitisha. Hapo usiende duka la dawa kubahatisha, mpeleke akapimwe malaria kwanza. Na mtoto akipata degedege, au akashindwa kunywa, au anatapika kila kitu, hakuna kusubiri kupambazuke, wala kufukiza kwanza kama tulivyofanyiwa sisi.

Raha sasa. Mkubwa wangu ana miaka 13, ana baiskeli yake kuukuu. Juzi nilimtuma Ngamiani na kipande cha kitambaa cha bluu akanilinganishie uzi. Bluu zina visa, ukikosea mteja anaona. Karudi na uzi wenyewe hasa. Nikamuuliza umejuaje, akasema taa ya dukani inadanganya, kwa hiyo aliomba atoke nao mlangoni autazame juani. Sijawahi kumfundisha hilo, ni mie ninavyofanya na yeye alikuwa anatazama. Nilibaki nacheka peke yangu kwenye cherehani, na nguo ya mtu karibu niipindishe mshono. Dada, raha ninayoijua ndiyo ya namna hiyo. Haina ratiba, na usiku wa jana yake huyohuyo alinitoa machozi kwa ujeuri.

Huyo wako wa miaka 7 anaweza kumenya vitunguu saumu au kukunja nguo, mbuzi ya nazi isubiri kwanza mtoto akue. Wa miaka 4 mpe ungo na mchele kidogo achambue nawe. Nusu ataumwaga, mpe na ufagio. Ukijaribu njoo utuambie wamekuuliza nini, na wale wa fimbo nao waje waseme wao huwa wanaambiwa nini na watoto wao.