Kwa nini treni ya Pugu isiongezwe tu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nakaa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kazini kwangu ni Posta. Reli ya Pugu iko karibu na nyumbani, lakini treni ni za kubahatisha, asubuhi na jioni. Kwa nini zisiongezwe? Au tujengewe treni nyepesi ya umeme kama ya Addis Ababa, badala ya fedha kuishia kwenye mabasi ya mwendokasi?

JIBU: Marahaba. Tangu treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ianze mwaka 2012, abiria tunahesabu mabehewa. Hesabu njia. Reli ile ni ya njia moja, kwa hiyo treni mbili zikikabiliana, moja lazima ijibanze stesheni kwenye njia ya kupishania. Ndiyo zile dakika ambazo treni imesimama kimya, watu wameshaanza kununua karanga dirishani, na dereva anamngoja mwenzake apite.

Tuseme kipande kirefu zaidi kati ya sehemu mbili za kupishania ni dakika 12, na kupishana kwenyewe dakika 3. Kwenda 15, kurudi 15: kila upande unapata treni moja kwa nusu saa, hata ukinunua vichwa ishirini. Ikibeba watu 1,000, ni 2,000 kwa saa. Basi refu la mwendokasi hubeba kama watu 140. Likipita moja kila dakika, ni 8,400. (Najua hayapiti kila dakika. Huo ni uhaba wa mabasi, si wa barabara.)

Sasa jenga njia ya kupishania katikati ya kipande kile. Dakika 12 zinakuwa 6, na vipande vingine visipozidi 6, treni inapatikana kila dakika 18. Hiyo ni kazi ya kilomita moja ya reli na ishara zake, si mradi wa kukopea. Kinachobaki kigumu ni pale reli inapokatiza barabara: kila treni unayoongeza inafunga geti mara moja zaidi, na daladala zinarundikana.

Ya Addis ilifunguliwa 2015, kama kilomita 34 kwa dola milioni 475. Ilikuja na treni 41, lakini vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia vikawa kisa, na nyingi zikaishia kuegeshwa. Sisi tayari tuna reli za upana wa aina tatu mjini: milimita 1,000 hiyo yenu, 1,067 ya TAZARA na 1,435 ya SGR, ile mpya ya umeme. Behewa la moja halipiti kwenye nyingine. Treni nyepesi ingetaka karakana na mafundi wake tena.

Mimi ningeanza na njia za kupishania, na vituo vya daladala mlangoni mwa stesheni. Mwendokasi wa Barabara ya Nyerere ukishapitisha basi kila dakika na watu bado wanaachwa kituoni, hapo nitakuja mwenyewe kuidai hiyo treni nyepesi.