Dada, mwite Kevin: jibu kwa aliyekatazwa na wifi yake

Dada, nimelisoma swali lako vizuri. Mumeo anataka mtoto aitwe Kevin. Mama mkwe anasema hilo ni jina la kizungu lisilo na maana, na wifi yako aliyeko Ujerumani amekupigia simu kukuonya kwamba huko jina hilo ni aibu. Mimi naitwa Kevin. Nilizaliwa Kakamega miaka ya tisini, na sasa ni muuguzi hapa hapa Ujerumani, kwa hiyo jina hili nimelibeba pande zote mbili.

Nianze na mama mkwe. Maana ipo, tena nzuri. Asili yake ni Kigaeli cha Ireland, ambako huandikwa Caoimhín, na hizo herufi mh hutamkwa kama v. Umbo la kale ni Cóemgen: cóem ni mpole au mwenye sura ya kupendeza, gein ni kuzaliwa. Yaani mtoto aliyezaliwa na upole na uzuri. Wasichana wa Ireland wanaoitwa Caoimhe wanatoka kwenye shina hilo hilo.

Aliyelibeba kwanza kwa sifa ni mtawa wa karne ya 6, Mtakatifu Kevin, aliyekwenda kuishi peke yake Glendalough, bonde la maziwa mawili katika milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin. Mapokeo yanasema alifariki mwaka 618. Mimi nilifika huko nikiwa likizo, na ningependa kila Kevin apaone. Kuna mnara wa mawe wa mviringo wenye urefu wa mita 30 hivi, na kikanisa chenye paa la mawe matupu ambacho wenyeji hukiita Jiko la Kevin, kwa sababu kimnara chake cha kengele kimekaa kama bomba la moshi. Ukisimama kando ya ziwa la juu unaona ng'ambo, kwenye jabali, tundu dogo jeusi. Hicho ndicho kitanda chake: pango ambalo mtu mzima hawezi hata kusimama ndani. Nilikaa pale nikilitazama mpaka mvua ikanifukuza.

Hadithi yake inayopendwa zaidi ni ya ndege. Wanasema alikuwa akisali amenyoosha mikono, ndege mweusi akatua kiganjani, akajenga kiota na kutaga. Kevin hakuukunja mkono. Aliushikilia hivyo hivyo hadi makinda yalipototolewa. Ni ngano, lakini mwambie mama mkwe. Akishaisikia sidhani kama atarudia kusema jina halina maana.

Sasa wifi. Hakudanganyi, ila amekupa nusu ya habari. Kwa muda mrefu jina hili lilibaki Ireland, na hata huko halikuwa la kawaida sana mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wazazi walipoanza kuyarudia majina ya Kigaeli kama njia ya kujitambua mbele ya Waingereza. Mwaka 1920 Waingereza walimnyonga Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 18, katika gereza la Mountjoy, Dublin, na jina likapata shahidi wa uhuru. Wahamiaji walilipeleka Uingereza na Marekani, na huko Marekani lilifika nafasi ya 11 kwa wavulana mwaka 1963.

Halafu likavuka kuja bara la Ulaya kwa kishindo. Kulikuwa na Kevin Keegan, mwanasoka Mwingereza aliyechezea Hamburg tangu 1977, akafuata mwigizaji wa Marekani Kevin Costner, na mwaka 1990 ikatoka filamu ya Home Alone, ambayo mtoto wake machachari anaitwa Kevin. Ufaransa jina lilikuwa la kwanza kwa wavulana kuanzia 1989 hadi 1994, na mwaka 1991 pekee walisajiliwa zaidi ya 14,000. Mwaka huo huo lilikuwa la kwanza Ujerumani pia. Na hapo ndipo lilipogeuka. Waliolipenda zaidi walikuwa watu wa kipato cha chini. Wenye elimu na mali wakalikimbia, kisha wakaanza kulicheka. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg ulioonyesha kwamba walimu wengi wa shule za msingi walimhesabu mtoto aitwaye Kevin kuwa mtundu na mzito wa kuelewa kabla hata hajafungua daftari.

Nimeyaona mwenyewe. Mwanzoni wodini, mtu akisoma beji yangu, kuna katabasamu kanakomponyoka. Muuguzi mwenzangu alinieleza sababu kwa upole: kaka yake anaitwa Kevin, na kwenye barua za kuomba kazi huandika jina lake la pili tu. Hilo liliniuma kuliko tabasamu zote. Kijana mzima analificha jina alilopewa na mama yake kwa sababu ya majivuno ya watu waliomzidi kipato. Aibu, kama ipo, si ya kwake.

Kwetu Kenya hakuna kitu kama hicho. Darasani tulikuwa kina Kevin kadhaa, mwalimu akatutofautisha kwa majina ya ukoo, mtaani wote tukawa Kevo. Hakuna aliyemdharau mwenzake. Na hata Ulaya upepo unabadilika, maana wale watoto wamekua. Mwanasoka wa Ubelgiji Kevin De Bruyne alizaliwa 1991, mwaka ule ule wa kilele. Kevin Kühnert alifika kuwa katibu mkuu wa SPD, chama cha siasa hapa Ujerumani, na mwaka 2022 Wafaransa waliwachagua kina Kévin wawili kuingia bungeni.

Mambo mawili ya vitendo, kwa sababu yaliwasumbua wazazi wangu. Kama ni Wakatoliki, katekista akiuliza mtakatifu, sikukuu yake ni 3 Juni. Kwetu Kenya haisikiki kwa sababu siku hiyo macho yote yako Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda, lakini yumo kwenye orodha, na Papa Pius wa 10 aliithibitisha heshima yake mwaka 1903. Pili, simamia karani anapoandika cheti. Kevin na Kelvin si jina moja: Kelvin limetoka kwenye mto ulioko Glasgow, wala halina huyo mtawa wala ndege. Mimi cheti changu cha kwanza kiliandikwa Kelvin, na kulirekebisha kulimgharimu baba nauli na siku nyingi za kupanga foleni.